Maziwa ya Bupe

Mjukuu wangu Obedi alikuwa na siku tisa nilipoingia Dodoma kutoka Haneti, na kitu cha kwanza nilichokiona nyumbani kwa mwanangu ni kwamba mama wa mtoto hakuwa amembeba. Mtoto alilazwa katikati ya kitanda, amezungushiwa mito, na Bupe alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, anatazama nje. Huko nje hakukuwa na cha kutazama. Ni ukuta na vumbi.

Aliniamkia vizuri. Alipiga goti kabisa, na mwili wake bado mbichi vile, mpaka nikamwinua mwenyewe. Kwao ni Tukuyu, wana adabu hao. Nikatua mzigo wangu: unga wa ulezi, karanga za kusaga, chupa mbili za mafuta ya alizeti na kuku wawili waliofungwa miguu. Nikanawa mikono, nikamchukua mtoto, nikamshukuru Mungu. Alikuwa mzito, nywele zimemshuka mpaka shingoni. Walimpa jina la marehemu mume wangu, na mimi nikasema moyoni kwamba sasa nitalitamka tena jina hilo kila siku bila kulia.

Tulikuwa tumepatana kwa simu kwamba nikae naye mpaka likizo yake ya uzazi iishe, halafu nibaki nimlee mtoto yeye akirudi kazini. Bupe ni karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali. Elieza mwanangu ni dereva, anaendesha wakubwa, leo Kongwa, kesho Singida, wiki nzima hamumwoni. Mama mzazi wa Bupe alifariki Bupe akiwa kidato cha pili. Kwa hiyo hapakuwa na mwanamke mwingine wa kumkanda. Nilikuwa mimi tu.

Wamepanga hapo Area D, vyumba viwili na sebule, na nyuma uani kuna chumba cha jirani mmoja, Generosa, mtu wa Bukoba, mwenye kukaanga vitumbua asubuhi pale getini. Mimi nililala chumba kimoja na Bupe na mtoto. Elieza akirudi safari analala chumba kile kingine. Kwetu ndivyo ilivyo, na si kwa ajili ya kusaidia mtoto akilia tu. Mtoto akiwa bado ananyonya, mchanga, baba na mama yake wakikutana, maziwa yanaharibika. Mtoto anakonda, anaharisha, shingo inalegea. Tunasema amebemendwa. Kwa hiyo bibi analala katikati yao, na kila mtu anajua yuko pale kwa sababu gani, na hakuna anayesema.

Kazi ilikuwa nyingi. Maji ya bomba yalitoka siku mbili kwa wiki, nikawa naamka alfajiri kujaza mapipa. Nikishajaza nawasha mkaa, nachemsha maji, namkanda Bupe kwa kitambaa cha moto tumboni na mgongoni, naye anauma ncha ya kanga asipige kelele. Baada ya hapo uji, kisha nepi. Ule ulikuwa mwezi wa kumi, upepo wa Dodoma mnaujua, unaanika nepi nyeupe unaanua nyekundu. Bupe alikuwa anazitazama zile nepi kwenye kamba kama mtu aliyeambiwa azihesabu mpaka mwisho wa dunia. Aliniambia siku moja kwamba kwao mvua inanyesha mpaka watu wanaichoka. Hayo ndiyo maneno marefu aliyosema wiki nzima.

Kunyonyesha alinyonyesha. Siwezi kusema hakunyonyesha. Lakini alitoa ziwa kama mtu anayetoa mkono achomwe sindano, anageuza uso pembeni anasubiri iishe. Hakumwimbia mtoto. Hakumwita kwa jina, alisema "huyu". Akienda kuoga nilisikia maji yanamwagika na katikati ya maji nasikia analia. Nikimwuliza anasema, "Nimechoka tu, mama." Nikamwambia wanawake wote wamechoka, tuombe. Tukaomba. Aliitikia amina na macho yake hayakufumba.

Nilikuwa nayaona hayo yote. Mimi ni mtu wa kuangalia, tangu zamani, mume wangu alikuwa akisema hata panya akihama shimo nitajua. Lakini niliyaona hayo nikayaweka upande wa uvivu, na wa malezi ya kukosa mama. Nikawa natafuta kitu kingine. Generosa alinikuta nimesimama mlangoni namtazama Bupe anavyombadilisha mtoto nepi, akacheka.

"Bibi, wewe umekuja kulea au umekuja kukagua?"

Nikacheka na mimi. Ila lilinichoma.

Joto la mwezi wa kumi na moja lilipoingia, mtoto akawa anakauka midomo. Nesi wa kliniki alikuwa amemwambia Bupe asimpe chochote isipokuwa ziwa, hata maji, mpaka miezi sita. Mimi nilizaa watano na wote walikunywa maji. Basi Bupe akienda bafuni nilimpa Obedi vijiko viwili vya maji ya ndoo, nikamfuta mdomo.

Jumapili ya wiki ya sita Elieza alikuwepo. Nilikwenda ibadani, lakini kasisi alikuwa amesafiri, ibada ikawa fupi, nikarudi kabla ya saa nne. Nikamkuta mtoto amelala peke yake sebuleni kwenye mkeka, amefunikwa chandarua kidogo. Mlango wa chumba tunacholala mimi na Bupe ulikuwa umefungwa kwa ndani, na viatu vya Elieza viko nje ya mlango. Nilisimama. Nilisikia sauti ya Bupe, ya chini, kama mtu anayelia au sijui anafanya nini, halafu kimya. Nikatoka uani. Nikakaa kwenye kigoda cha Generosa na Biblia yangu mapajani, jua linanipiga.

Baada ya muda mrefu Elieza akatoka, shati lipo nje ya suruali, macho chini. Akaniona. Akasema, "Mama, umeshafika," akapita kwenda dukani.

Sikumwuliza. Kwetu mama hamwulizi mwanawe wa kiume jambo la chumbani. Afadhali ukatwe shingo. Na yeye hawezi kumwambia mama yake. Kwa hiyo tulikula chakula cha mchana pamoja, wali na maharage, tukazungumza bei ya mafuta ya gari, na kesho yake akaondoka kwenda Manyoni.

Alhamisi mtoto akaanza kuharisha. Ijumaa Bupe alimpeleka kliniki kupima uzito kama kawaida, na ule mstari kwenye kadi ulikuwa haujapanda. Wakampa chumvi za kuchanganya na maji, wakamwambia aendelee kunyonyesha, amnyonyeshe zaidi. Niliisoma ile kadi mara mbili. Nikasubiri amlaze mtoto, nikamwita tukae.

"Bupe mwanangu, wewe na Elieza mmekosea. Sikulaumu, ni ujana. Lakini mtoto amebemendwa. Maziwa yako yameharibika, usimpe tena."

Alinitazama. "Mama, hatujafanya kitu."

"Jumapili nilikuwa uani."

"Jumapili haikuwa hivyo."

"Ilikuwaje?"

Nikangoja. Hakujibu, na mimi nikachukua ule unyamavu wake kuwa ndilo jibu.

Hapo ndipo nikamweleza habari za Sila, ambazo sikuwa nimemweleza hata Elieza. Sila ni mwanangu wa pili, wa kiume. Alikuwa na miezi minne pale Haneti alipoanza kuharisha. Mama mkwe wangu akatuita mimi na mume wangu mbele ya wazee, akasema tumembemenda mtoto. Na ni kweli tulikuwa tumekutana, siwezi kudanganya, tulikuwa vijana. Nikaambiwa nimwachishe, nikamwachisha. Tulimzika kabla ya wiki mbili. Mimi na mume wangu tuliibeba ile aibu mpaka yeye anakufa, hatukuwahi kuizungumza, na kila mtoto aliyefuata nililala naye chumba cha mama mkwe mpaka alipotembea. Nikamwambia Bupe, sitaki wewe ubebe nilichobeba mimi.

Akasema nesi ameagiza ziwa tu. Nikamwambia nesi ni binti mdogo, hajazaa. Tukakaa. Mtoto alianza kulia chumbani, na ziwa la Bupe likaanza kuvuja lenyewe, gauni likalowa. Alilitazama lile doa.

"Hata mimi nilijua yana kitu," akasema. Alisema polepole, bila ubishi, kama mtu aliyekuwa akingoja kuambiwa.

Nilipaswa kushtuka. Nilifurahi kwamba amekubali.

Siku zilizofuata nilimlisha Obedi mimi. Nilimpikia uji mwepesi wa ulezi, nikauchuja kwa kitambaa, na asubuhi maziwa ya ng'ombe ya kijana mmoja Mgogo anayepita na baiskeli, nayachanganya na maji. Nilimpigia simu dada yangu Haneti akatuma majani kwa kondakta wa basi, nikayachemsha, nikaomba kwanza juu ya sufuria kwa kuwa sikutaka kutenda jambo la giza, nikamwogesha mtoto. Maziwa ya Bupe yalikuwa yanamjaa mpaka mishipa inaonekana. Aliyakamulia kwenye beseni, ameuma meno, na mimi nikayachukua nikayafukia kwa majivu nyuma ya choo. Alikuwa anafanya kila nilichomwambia. Jioni analala ameelekea ukutani, na mtoto yuko kwangu. Elieza akipiga simu nasema, hajambo, tumbo kidogo tu.

Jumamosi Obedi alilia sana. Jumapili alilia kidogo. Jumatatu hakulia, nikadhani majani yameanza kufanya kazi.

Jumanne asubuhi Generosa alituletea vitumbua kwenye sahani. Akainama kumtania Obedi kama kawaida yake, kumwita mchumba, akanyamaza. Aliweka kidole utosini. Utosi ulikuwa umebonyea, kama unga wa maandazi uliobonyezwa kwa dole gumba.

"Bibi, amekojoa lini huyu?"

Nikafikiri. Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka aliweka sahani chini kwenye udongo, akaingia ndani kumchukua Bupe kwa mkono, na bajaji ikawa getini.

Hospitali walimchukua mara moja. Wakatafuta mshipa mkononi, wakakosa, mguuni, wakakosa, wakanyoa nywele zake upande mmoja wakaupata kichwani. Zile nywele nilizozisifu zilianguka kwenye shuka. Hakulia. Dripu ilipoanza kushuka, nesi mmoja mtu mzima kidogo, anaitwa Yasinta, akageuka kwa Bupe na daftari lake.

"Ananyonya?"

Bupe akaanza kuziokota zile nywele.

"Mama mtoto, nakuuliza. Anakula nini?"

"Uji."

"Wa wiki ngapi huyu? Uji? Nani kakuambia?"

Nilikuwa nimesimama kwenye miguu ya kitanda. Bupe hakunitazama kabisa. Alitazama sakafu akasema, "Mimi mwenyewe."

Nesi akamsema. Alimsema mbele ya kina mama wote wa wodi ile, kwamba amesoma, anafanya kazi mjini, kadi ya kliniki anayo, na anamfanyia mtoto mambo ambayo hata mtu wa porini ameshaacha. Na mimi nikanyamaza. Ninasali tangu nikiwa binti, mimi ni mwekahazina wa Umoja wa Mama, na nilisimama pale nikamwacha mtoto wa mwenzangu anyeshewe mvua yangu. Nilikuwa nasema moyoni, sasa nitasema, sasa. Sikusema.

Ni Bupe aliyesema. Alisema kwa sauti ndogo, hata nesi akainama kumsikia.

"Maziwa yangu yana kitu. Na mimi nina kitu. Nikimshika huyu sisikii chochote. Nilimwambia mume wangu Jumapili ile, tukafunga mlango watu wasisikie, nikamwambia naogopa kuna siku nitamlaza mahali nimwache, niondoke. Akanishika akalia. Akasema akirudi kutoka Manyoni atatafuta daktari wa kuongea naye."

Ndivyo ilivyokuwa ile Jumapili.

"Nesi," nikasema, "msimseme. Ni mimi nilimwachisha. Na maji nilianza kumpa mimi, kwa kificho."

Yasinta alinigeukia. Hakunifokea, na ningependa angenifokea. Alifunga daftari, akavuta kiti akakaa mbele ya Bupe, magoti yao yakagusana, akaanza kumwuliza mambo mengine taratibu: analala, anakula, hayo mawazo yalianza lini. Alimwambia ni ugonjwa, unawapata wengi, na yupo daktari wake pale pale. Kisha akaniambia mimi kwamba maziwa hayaharibiki kwa namna ile tunayosema. Mtoto alikuwa anaharisha, akanyang'anywa kitu kilichokuwa kinampa maji na nguvu, akapewa uji ambao tumbo lake haliwezi.

"Na wa miezi minne," nikamwuliza, "akiharisha, akaachishwa, akapewa uji?"

"Bibi, huyu ana wiki saba."

"Najua."

"Wa miezi minne ni vilevile," akasema, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nilikwenda nje nikakaa kwenye benchi la wanaosubiri dawa. Walikuwa wanaita majina. Nilikaa mpaka wakafunga dirisha.

Obedi alilazwa siku tisa. Siku ya tatu alilia, na wodi nzima ikafurahi, kina mama wasiotujua wakapiga vigelegele vidogo. Elieza alirudi, nikamweleza yote mwenyewe kabla Bupe hajasema neno. Alisimama anazungusha funguo za gari mkononi.

"Mama, ungeniuliza tu."

"Ningekuulizaje?"

Akatia zile funguo mfukoni, akaenda kumwona mtoto.

Maziwa ya Bupe yalikuwa yameanza kukauka. Wakamfundisha kumlaza mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kutwa nzima, na kumwekea ziwa kila saa hata kama hakitoki kitu. Mtoto alikuwa ameshasahau, anageuza kichwa, anakasirika. Bupe hakuchoka. Sijui aliitoa wapi nguvu hiyo. Yule aliyekuwa hamshiki mtoto, sasa hakumweka chini hata akila, anakula kwa mkono mmoja. Nilimsikia anamwita jina, "Obedi, Obedi, nyonya baba." Maziwa yakarudi, si kama mwanzo, ila yalirudi. Na kila Jumatano alikwenda kuzungumza na yule daktari, na bado anakwenda. Siku nyingine anarudi na uso uleule wa dirishani. Haujaisha. Wanasema utaisha.

Kwangu hakubadilika adabu. Kila asubuhi, "Shikamoo mama, umeamkaje." Chai yangu inatengwa ya kwanza. Lakini nikinyoosha mikono kumpokea mtoto ili apumzike, anasema, "Niachie, mama, nitambeba mwenyewe." Akienda bafuni anaingia naye, anamweka kwenye beseni kavu karibu na miguu yake. Nilihamia chumba kile kingine. Hakuna aliyeniambia nihame.

Nilikwenda kwa kasisi nikamweleza yote, na ya Sila pia. Aliniombea, akaniambia Mungu amenisamehe. Naamini. Ila si Mungu niliyemfukia maziwa yake kwa majivu.

Likizo ya Bupe iliongezwa kwa barua ya daktari, nayo ikaisha. Ilikuwa Jumatatu, mvua za kwanza zimeshaanguka, uani kuna tope. Niliamka mapema nikafagia sebule, nikatandika mkeka, nikafua kanga mbili za kumbebea nikazipiga pasi. Nikajifunga moja. Hatukuwa tumezungumza, lakini nilijiambia kwamba yale tuliyopatana kwa simu bado yapo.

Bupe alitoka amevaa nguo za kazini, zinambana kifuani. Alikuwa amekamua maziwa vikombe viwili, amevifunika. Alimbeba mtoto na kikapu chenye nepi na vile vikombe, akapita mbele yangu akavuka uani mpaka kwa Generosa. Generosa alikuwa mlangoni anamngoja, hakukaanga vitumbua siku hiyo, na hakunitania. Wakaongea kidogo. Bupe akarudi mikono mitupu akasimama mbele yangu, akapiga goti kama siku ile ya kwanza.

"Mama, nisamehe. Bado siwezi."

"Nimekuelewa, mwanangu. Nenda, utachelewa."

Akaenda. Nikafungua ile kanga, nikaikunja. Nikachukua nepi za jana nikakaa nazo uani na beseni.

Saa nne mtoto akalia. Ni kilio cha njaa, nakijua. Kikapanda. Mikono yangu ilikuwa kwenye povu, na miguu yangu ikaniinua yenyewe mpaka kwenye mlango wa Generosa, nikasimama nje ya pazia. Niliwaona kwa upenyo. Alikuwa amempakata, anamlisha kwa kikombe, matone matone, kama tulivyofundishwa wodini, na mtoto anasukuma kikombe kwa mkono.

"Bibi, ingia umwone," Generosa akasema. "Ingia tu. Sitamwambia."

Alisema kwa wema kabisa, namshukuru.

"Hapana," nikasema. "Mpaka mama yake arudi."

Nikarudi kwenye beseni. Alilia tena kidogo, halafu akanyamaza, nikajua amekunywa.